Najitolea kutunza punda waliookolewa hapa Tabora: nimeona nini kwa miaka miwili zizini

mwana_isevya (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, habari za usiku. Naandika nikiwa Isevya, Tabora mjini. Huu ni mwaka wa pili najitolea kila Jumamosi na Jumapili asubuhi kwenye zizi la punda waliookolewa, nje kidogo ya mji. Si shirika kubwa. Ni watu wa mtaa tu tuliojikusanya: fundi wa kuchomelea, akina mama wawili wa sokoni nikiwemo mimi, mwalimu wa sekondari, vijana watatu wa bodaboda, na daktari wa mifugo anayekuja akipata nafasi bila kudai hata nauli. Leo tuna punda 11.

Kila nikisema mtaani kwamba naenda kwa punda, swali la kwanza ni "wanakulipa shilingi ngapi?" Hawanilipi. Swali la pili ni "punda naye ana nini cha kutunzwa?" Hilo la pili ndilo limenifanya nifungue uzi huu, maana nami nililiuliza hivyohivyo siku ya kwanza.

Punda wetu wanafika kwa njia tofauti. Wengine wamegongwa na magari usiku barabara ya Nzega, mwenyewe hajulikani. Wengine wamezeeka, wakaachiwa porini wajitafutie. Wawili waliletwa na wenyewe kwa hiari, wanalia, kwa sababu kidonda kimewashinda na hela ya dawa haipo. Mtendaji wa kijiji au afisa mifugo wa kata ndiye hutupigia simu.

Mvua alikuja mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo mvua ilikuwa haikatiki, ndiyo asili ya jina. Jike, mzee, mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Mgongoni alikuwa na kidonda cha ukubwa wa sahani, kimepakwa oili chafu ya gari. Kwato za mbele zimerefuka hadi zimepinda juu kama ncha ya kiatu cha zamani, hivyo anatembelea visigino. Pamoja naye alikuja dume la rangi ya kahawia lililokuwa zima kabisa. Hilo halikuwa na sababu ya kuokolewa, ila lilifuata gari lililombeba Mvua mpaka vijana wakashindwa kulifukuza. Tukaliita Kahawia.

Sasa nieleze kosa langu. Wiki ile ya kwanza nilimwonea Mvua huruma. Jioni, wenzangu wakiwa wameondoka, nikammwagia karai zima la pumba za mahindi. Alikula kama mtu aliyetoka jangwani, nami nikarudi nyumbani na furaha. Alfajiri tukamkuta amelala chini, anageuza shingo kutazama tumbo lake, jasho linamtoka. Daktari alikaa naye tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipona. Daktari hakunifokea. Alinikalisha chini akaniambia kwamba mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, mwili wake umeshajifunza kuishi bila chakula, na ukimpa kingi na kizito kwa mara moja unaweza kumuua kwa mkono uleule uliotaka kumwokoa. Anapewa majani makavu kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na unapandisha taratibu kwa wiki kadhaa. Tena punda hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kazi yetu kubwa ni kuangalia. Kulisha kunachukua nusu saa, kuzoa mavi saa moja. Kuangalia hakuna mwisho.

Punda haonyeshi maumivu. Ng'ombe akiumwa utasikia, mbuzi akiumwa mtaa mzima utasikia. Punda anasimama palepale, kichwa kimeinama kidogo, unasema amepumzika, kumbe tumbo linamsokota. Kwa hiyo tunaangalia vitu vidogo. Je, mavi ya usiku yapo, na ni mengi kama ya jana? Masikio yanageuka nikiita, au yamelala pembeni? Anahamisha uzito mguu huu kwenda ule kila baada ya muda? Anatafuna kweli au anashika majani mdomoni tu? Nina daftari la kurasa 96 limejaa mambo hayo. Wageni wanaokuja na huruma nyingi huchoka baada ya wiki tatu, kwa sababu hakuna tukio. Aliyekaa nasi kuliko wote ni kijana mmoja wa bodaboda, mpole, ambaye anaweza kukaa juu ya ndoo saa nzima akimtazama punda mmoja bila kutoa simu mfukoni.

Mvua aliishi nasi miezi 14. Kidonda kilifunga, kwato zikanyooka (hazikatwi zote siku moja, tulipunguza kila baada ya wiki sita hivi), akanenepa kiasi. Alikufa mwezi uliopita kwa uzee, usiku, amelala ubavu.

Tulitaka kumzika mapema kabla jua halijawa kali. Daktari akakataza kwa simu: mwacheni Kahawia akae naye kwanza. Kahawia alimnusa kichwa, akamsukuma bega kwa pua, akamshika shingo kwa meno kama anayemwamsha. Kisha akasimama. Baada ya saa moja na nusu hivi akaondoka mwenyewe, akaenda kivulini chini ya mwembe. Ndipo tukachimba.

Punda wawili waliozoeana ukiwatenganisha ghafla, anayebaki hutafuta siku nzima, na chakula hali. Na punda asipokula kuna hatari ambayo mimi sikuwahi kuisikia: mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu yakawa mengi kupita kiasi, ini linashindwa, na anakufa wakati ugonjwa wa kwanza haupo tena. Huzuni inamuua kwa njia ya tumbo. Sasa hivi Kahawia ndiye tunayemwangalia kuliko wote.

Nimeandika mengi. Mwenye swali aulize, na mwenye uzoefu na punda au farasi popote alipo atuongezee.

nzega_ndogo

Dada umenigusa. Mimi nimekulia Nzega, punda nimempiga fimbo tangu nikiwa darasa la tatu na sijawahi kumwangalia masikio hata siku moja. Nina maswali mawili. Hiyo oili chafu ina ubaya gani? Kwetu ndiyo dawa, inafukuza inzi. Na mnapaka nini badala yake?

mwana_isevya

Ahsante kaka. Inzi inawafukuza kweli, ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini inaunguza nyama changa inayotaka kuota, na sumu yake inaingia mwilini. Kidonda kinakauka juu, chini kinaoza. Sisi tunaosha na maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja kidogo kwa nusu lita. Tunaosha taratibu bila kusugua. Kikiwa na funza tunamsubiri daktari. Kikishakuwa safi tunapaka asali.

Ndiyo, asali yetu hiihii ya Tabora. Wazee wa miombo walikuwa wanaitumia kwenye majeraha zamani, na madaktari wa mifugo huko nje nao wanaitumia, iliyosafishwa kitaalamu. Inavuta maji kutoka kwenye kidonda, na wadudu wa maradhi hawaishi vizuri ndani yake. Iwe safi, isiyochanganywa na sukari, na juu ufunike kwa kitambaa kisafi la sivyo nyuki na siafu watakutangulia. Sisi hatukuanza hadi daktari alipokiona kidonda, nawe usianze bila yeye.

Ila dawa ya kidonda cha mgongoni ni kuondoa kinachosugua. Ukimtibu leo na kesho akavishwa tandiko lilelile, umepoteza asali.

mzee_wa_reli

Binti yangu, nimesoma mwanzo hadi mwisho. Mungu akuzidishie.

Ngoja nami niongeze la kale, kwa kuwa mji wetu umejengwa na migongo. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya nchi hii ilitembea kwa miguu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote kati ya Bagamoyo na Ujiji. Vijana huuliza: kwa nini binadamu abebe pembe ya ndovu miezi mitatu, kwani wanyama hawakuwepo? Jibu ni mbung'o. Ukitoka Tabora kwenda Urambo, Kaliua au Sikonge unaingia kwenye miombo, na miombo ina mbung'o, na mbung'o ana nagana. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote kwa ugonjwa huo. Punda anastahimili kidogo, naye si chuma.

Nendeni Kwihara pale, kwenye tembe alilokaa Livingstone hadi Agosti 1872. Stanley alipotoka pwani mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili na kundi la punda. Farasi wote wawili walikufa kabla hata hawajaenda mbali na pwani, na punda wengi nao waliishia njiani. Waliofikisha mizigo Tabora ni watu.

Nalisema hili ili vijana mnaojitolea mjue kwamba punda kufika uzeeni katika nchi hii si jambo dogo. Hata leo Nzega na Igunga kwenye mbuga za wazi utawaona wengi, na ukielekea magharibi msituni wanapungua. Si kwamba watu wa huko hawawapendi.

mwana_isevya

Shikamoo mzee wangu. Hili la mbung'o limenifungua macho. Tulipata punda mmoja kutoka upande wa Kaliua, amekonda, homa inakuja inaondoka, tumbo limevimba kwa chini. Tulidhani ni minyoo. Daktari akachukua damu, ikawa nagana. Alipona, lakini ilichukua muda.

bukene_kwetu

Samahani dada, nitasema ukweli wangu na sikudharau. Kuna watoto wanalala njaa. Kuna mama anajifungua hana hata kanga ya kumfunikia mtoto. Mtu mwenye nguvu ya kujitolea kila Jumamosi, kwa nini aitoe kwa punda? Nauliza kwa nia njema.

mwana_isevya

Nimekuelewa kaka yangu, na sijakasirika. Swali hilo nililibeba mwezi mzima.

Nikuulize nawe. Huko kwenu maji mnayapata wapi mwezi wa tisa, malambo yakikauka? Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Nyumba yenye punda, punda anayaleta kwa safari moja. Nyumba isiyo na punda, anayaleta mama, dumu moja kichwani, safari nne, na mara nyingi binti anakosa shule ili amsaidie. Punda akifa, mzigo wake haufi. Unahamia kwenye shingo ya mwanamke. Yule mama wa kanga unayemsema ndiye mwenye punda.

Mwaka jana mama mmoja alituletea jike lake limechechemea. Kwato ilikuwa na msumari, ndani kumetunga usaha. Tulikaa nalo wiki tatu. Katika wiki tatu hizo mama alikuja zizini mara mbili tu, kwa sababu alikuwa anabeba maji mwenyewe. Mara ya pili alikaa chini akafunua mguu wake, umevimba hadi gotini. Jike lake lilipopona alilishika shingo akaliita "mwenzangu". Sikuona tena haja ya kuchagua kati ya mnyama na mtu.

bukene_kwetu

Nimekubali dada. Mama yangu mwenyewe alibeba dumu hadi mgongo ukapinda. Sikuwahi kuliunganisha.

dokta_wa_zizi

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, si yule wa zizi la dada ila nafanya kazi mkoa huuhuu. Nimefurahi kuona uzi huu, na nina mambo ambayo nawaomba myashike, kwa sababu nimeona punda wengi wakifa kwa dawa na chakula cha wanyama wengine.

La kwanza ni dawa ya kupe. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi. Ng'ombe anaivumilia, lakini kwa punda na farasi inasimamisha utumbo. Chakula kinaganda tumboni, anakufa kwa msokoto siku mbili tatu baadaye, na mwenyewe hata haunganishi na dawa. Someni maandishi ya chupa kabla hamjapuliza. Kama kuna amitrazi, iacheni.

La pili ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku vimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga, na dawa hizo, hasa monensini, zinaua misuli ya moyo wa farasi na punda. Kiasi kidogo tu kinatosha. Mtu anamwagia punda mabaki ya banda la kuku kwa nia nzuri, asubuhi mnyama amekufa.

La tatu, joto la mwili. Watu wanapima punda kwa kipimo cha farasi au ng'ombe na kusema yuko salama. Punda mzima mwenye afya yuko karibu nyuzi 37, farasi yuko juu kidogo, 38 hivi, na ng'ombe anazidi hapo. Kwenye 38.5 ng'ombe angeitwa mzima, ila punda ana homa. Dada, mna kipimajoto?

mwana_isevya

Daktari ahsante sana. Kipimajoto tunacho, tunapima kila punda mgeni asubuhi na jioni. Lile la chakula cha kuku sikulijua kabisa, na jirani yetu ana mabanda mawili. Kesho asubuhi naongea naye, na uzio wa upande ule tunauongeza miba.

tela_igunga

Mwangaluka. Mimi ni mwenye punda. Nina wanne na tela moja, nabeba matofali, maji na magunia ya mpunga hapa Igunga. Nimesoma uzi wote na roho imeniuma kidogo, kwa sababu kila penye neno "kuokolewa" kuna mtu anayetajwa kuwa mkatili, na mtu huyo ni mimi. Sipendi vidonda. Punda akiwa na kidonda nakosa kazi. Lakini nira nimerithi kwa baba, tandiko la gunia nimerithi kwa baba, na hakuna mtu aliyewahi kuja kunionyesha lingine. Walikuja watu mara moja na kamera, wakapiga picha vidonda vya punda wangu, wakaondoka.

mwana_isevya

Kaka yangu, pole sana, na nakushukuru kwa kuandika. Hilo la kamera limeniuma. Kama maneno yangu yamekufanya ujione mkatili, naomba radhi. Baba yangu naye alikuwa na punda Nzega, na alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na punda wake alikuwa na vidonda viwili mabegani hadi alipokufa.

Niseme tulichojifunza kuhusu nira, nawe utanisahihisha maana kazi unaijua wewe. Nira ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, anasukuma kwa juu. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, mifupa ya mgongo iko karibu na ngozi, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Ukimwekea nira, mti unakaa juu ya mfupa, kila hatua unasugua. Anachotaka ni mkanda mpana wa kifuani, unaopita chini ya koo mahali pasipomziba pumzi na juu ya maungio ya bega, uunganishwe na tela kwa kamba mbili sawasawa.

Fundi wetu alitengeneza wa kwanza kwa mkanda wa zamani wa mashine ya kukoboa, akaufunga kwa ndani kitambaa cha blanketi kuukuu. Upana ni kama kiganja cha mtu mzima. Usitumie kamba ya katani tupu wala waya. Na tandiko la mgongoni lisikalie uti wa mgongo. Tunashona mito miwili myembamba ya nguo iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, katikati kunabaki mfereji wa hewa. Jioni unaianika, maana jasho likikauka humo linakuwa kama msasa.

Ukipata nafasi ya kuja Tabora, lala kwetu siku moja, fundi akuonyeshe. Au sisi tuje Igunga. Bila kamera.

tela_igunga

Njooni nyie. Hapa tupo wenye tela zaidi ya kumi na tano kwenye kijiwe kimoja. Mkanda wa mashine ya kukoboa upo, tele. Nitawaambia wenzangu Ijumaa baada ya swala.

mswahili_norfolk

Salaam kutoka Uingereza. Mimi ni wa Ujiji, Kigoma, nafanya kazi ya usiku huku, na siku moja kila wiki najitolea kwenye kituo cha farasi waliookolewa. Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo changu.

Huku matatizo ni mengine kabisa. Farasi anaokolewa kwa sababu mwenyewe alimnunua kama starehe, hela ikaisha, akamwacha malishoni na matope hadi magotini. Wengine wanakuja wamenenepa kupita kiasi, kwa sababu majani ya huku yana sukari nyingi, na kwato zinavimba ndani hadi hawawezi kusimama. Mtu wa kwetu hawezi kuamini kwamba kuna farasi tunayemfungia asile majani mabichi.

Lakini kazi yenyewe ni ileile ya dada. Kuzoa mavi, kusafisha kwato, kuangalia. Tofauti niliyoiona: farasi akiogopa anakimbia, utajua. Punda akiogopa anasimama akagoma, ndiyo maana watu wanasema mkaidi, wakamchapa. Wakufunzi wa huku hutuambia punda anapogoma anafikiri. Asili yake ni nchi kavu za Afrika kaskazini-mashariki, mahali ambapo kukimbia ovyo kwenye mawe ni kuvunjika mguu. Mpe muda atazame, atasogea mwenyewe.

Na kwa ndugu wa Igunga. Kuna mwanamke wa Kiingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo mwaka 1930 akakuta farasi waliokuwa wa jeshi la Uingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, waliouzwa vita vilipokwisha, sasa wazee, wanavuta mikokoteni. Aliandika barua gazetini kwao, watu wakachanga, akanunua farasi 5,000. Wengi wao walikuwa wamechakaa mno, akaishia kuwapumzisha tu, yaani kuwaua bila mateso. Lakini alitambua kwamba wenye mikokoteni walikuwa maskini na ndio waliokuwa wakiwalisha kwa walichonacho. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure palepale Cairo kwa ajili ya wanyama wa watu hao. Shirika lake lipo hadi leo na linashughulika na wenyewe pamoja na wanyama wao. Kwa hiyo dada, mwaliko wa Igunga ulioupata hapa jukwaani ni mkubwa kuliko zizi.

binti_cheyo

Nauliza kuhusu ngozi. Kuna wakati punda walikuwa wanapotea usiku, asubuhi unakuta kichwa na miguu tu. Hilo limekwisha?

dokta_wa_zizi

Ngozi ya punda ilitafutwa sana kwa ajili ya Uchina, ambako huchemshwa ikatoa gundi inayotumika kama dawa na kipodozi, inaitwa ejiao. Tatizo ni kwamba punda hazai haraka. Anabeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Hakuna namna ya kuzalisha kwa kasi ya kuchinja. Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakaazimia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Pia tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamhusu punda kama inavyomhusu ng'ombe. Ukiona wanyama wanasafirishwa usiku kwa namna ya kutia shaka, toa taarifa kwa mtendaji na afisa mifugo. Wezi wanategemea watu kunyamaza.

mwanafunzi_tbr

Shikamoo dada. Niko chuo hapa Tabora mwaka wa pili, napenda kuja Jumamosi ila naogopa mateke. Bibi alinifundisha shukrani ya punda ni mateke. Naomba nielekeze nije na nini na nifanyeje.

mwana_isevya

Marahaba mdogo wangu. Methali hiyo naiheshimu kwa kuwa ni ya wazee, lakini tangu nianze zizini nimepigwa teke mara moja tu, na nilistahili kuonywa: nilimpita nyuma kimya akiwa anakula. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa moja kwa moja nyuma ya mkia na pale chini ya pua yake. Ukitokea huko ghafla hajui kama ni wewe au ni fisi.

Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijapanda. Vaa viatu vilivyofunika vidole, si ndala. Usijipake manukato makali. Njoo na maji yako ya kunywa na daftari. Usilete maembe wala mikate, humjui punda yupi tumbo lake bado bovu.

Siku ya kwanza hutamshika punda yeyote. Utapewa ndoo, utakaa ndani ya zizi, mgongo umeegemea mti, na utatazama. Nitakuuliza mwisho: yupi alikula wa mwisho, yupi anasimama mbali na wenzake, mguu gani wa yupi unapumzishwa mara kwa mara. Atakayekusogelea mwenyewe, mwache anuse. Ukitaka kumgusa anza begani upande wa kushoto, sema naye sauti ya kawaida. Kichwani na masikioni usianze, walipigwa huko.

Wiki ya tatu utajifunza kusafisha kwato kwa kijiti cha chuma ambacho fundi alikipinda kutoka kwenye nondo. Ukiona tundu, harufu mbaya au joto, unaniita.

nzega_ndogo

Dada, na Kahawia anaendeleaje? Umetuacha hapo.

mwana_isevya

Nimetoka zizini sasa hivi, nimeona niwaandikie kabla sijalala.

Siku tisa za kwanza alikula nusu ya kawaida yake. Kila jioni alienda mahali Mvua alipokuwa akilala, akasimama. Hatukumlazimisha. Daktari alishauri tumweke karibu na yule jike aliyepona nagana, uzio katikati kwanza, waonane bila kugusana. Tukaweka majani pande zote mbili za uzio ili wale wakitazamana. Siku ya kumi na mbili tukatoa miti ya uzio.

Leo asubuhi nilipofika, jike alikuwa anamkuna Kahawia shingoni kwa meno, pale juu ambapo mwenyewe hafiki, na Kahawia naye anamkuna yeye, vichwa vimepishana. Mavi ya usiku yalikuwa marundo saba. Nimeandika kwenye daftari. Majani ya jioni amemaliza yote, hata yaliyoanguka nje ya hori.

Igunga tunaenda Jumamosi ya wiki ijayo, na fundi na mikanda miwili ya mfano. Mwanafunzi, wewe usije Igunga, baki zizini na kijana wa bodaboda. Ndoo yako ipo chini ya mwembe.